Aliyebaki Haambiwi

Keko, Dar es Salaam
20 Januari 1974

Dada yangu Sesilia,

Shikamoo. Mama mshikie miguu kwa niaba yangu, umwambie mwanawe wa Keko anakula na kulala. Shemeji Kasiani naye nampa zake. Muulize korosho za mwaka huu zimempa nini. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha watu wanaopanga foleni ya sukari tangu asubuhi na kurudi na vibiriti. Polikarpo wangu anaranda mbao kutwa, amepata kazi ya viti vya ofisi ya tawi la TANU, na ana vumbi la mninga mpaka kwenye nyusi. Mwenye nyumba wetu, Bi Tunu, anakusalimu. Nilimsomea barua yako ya mwisho, akasema dada huyo anapenda ubishi, na yeye watu wa namna hiyo anawapenda.

Haya, salamu zimeisha. Nimekosa siku zangu, dada. Najua ni mimba kwa sababu harufu ya gundi ya Polikarpo imenigeuka, kama mara mbili zile.

Hesabu yangu unaijua. Wa kwanza alitoka mwaka sabini na moja, wa pili Aprili mwaka jana. Wote mimba ikiwa ya mwezi wa tano, wote bila uchungu wa maana. Nilisimama kuanua nguo, maji yakashuka, basi. Polikarpo akawatengenezea visanduku mwenyewe, na Mzee Gregori wa zahanati yetu akaenda naye makaburini mara zote mbili. Wa tatu akienda hivyohivyo sijui nitasimama kwa miguu gani.

Ndiyo maana nakuandikia mapema. Polikarpo anataka nibaki kwa Mzee Gregori. Ndiye aliyemshona kidole msumeno ulipomla, ndiye tunayemwita daktari hapa mtaani ingawa cheo chake ni kidogo, na anatujua chumba kwa chumba. Lakini jirani mmoja ameniambia katika hospitali kubwa mjini yupo bingwa wa wajawazito, Daktari Adelard, ambaye wanawake wa hesabu yangu wametoka kwake na watoto mgongoni. Nimfuate nani? Nasikia bingwa huyo kitu cha kwanza huuliza habari za mama mzazi. Mama aliwahi kupoteza, dada? Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Rosalia


Nanyelele, Wilaya ya Masasi
11 Februari 1974

Mdogo wangu Rosalia,

Marahaba, na nyingine ya Krismasi ambayo hukuileta. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Kasiani anasema korosho zimempa kikohozi na ahadi. Katibu wa kata anapitapita na daftari akiandika majina ya wakuu wa kaya, watu wanasema tutahamishwa barabarani, wengine wanasema ni uvumi. Mwambie Bi Tunu nami nampenda, na simuogopi.

Sasa hilo lako. Unataka ushauri, nami nitakupa, maana ushauri ndio zao pekee lisilosubiri mvua. Kaa na Mzee Gregori. Mtu aliyezika pamoja nawe humwachi kwa kuwa mwingine koti lake ni jeupe zaidi. Daktari anayekujua ni ndugu. Anayetaka kujua ukoo mzima ni mpelelezi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lala mapema, usibebe ndoo, usile embe bichi, mengine mwachie Mungu.

Umeuliza kama mama alipoteza. Hapana. Mama alizaa wawili, mimi na wewe, na ile miaka kumi na miwili katikati yetu ilikuwa mapumziko. Usimwandikie mama swali hilo. Hajui kusoma, na anayemsomea ni mimi.

Dada yako,
Sesilia


Keko
3 Machi 1974

Dada Sesilia,

Shikamoo. Tumesikia kwenye redio habari za operesheni ya vijiji huko kwenu. Mama atahamaje na magoti yale? Huku hatujambo. Ofisi imevipenda viti vya Polikarpo, wameagiza na meza.

Ushauri wako nimeusoma mara tatu na sikuufuata, unisamehe. Nilikwenda zahanati kuomba barua ya rufaa, maana kwa bingwa huendi mikono mitupu. Mzee Gregori akavua miwani.

“Nimekukosea nini, mwanangu?”

“Hujanikosea, Mzee. Mie naogopa tu.”

Akatoa kadi yangu. Dada, kadi za wenzangu zote zimeandikwa kwa wino. Yangu kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Wale ninaowaogopea huwa naandika kwa penseli. Nami naogopa kama wewe.” Kisha akaandika barua ya rufaa, akaifunga, akanikabidhi.

Huyo bingwa si mtu wa maneno. Anakupima huku anatazama dirishani. Akanieleza kwamba mlango wangu wa kizazi pengine ni mlegevu; mtoto akianza kuwa mzito, unafunguka kimyakimya, ndiyo maana sisikii uchungu. Dawa yake ni kuushona kwa uzi mtoto angali mdogo, na kuufumua mwezi wa tisa.

“Mama yako mzazi alipoteza matumbo mangapi?”

“Hakupoteza.”

“Nani kasema?”

“Dada yangu.”

“Hukumuuliza mama mwenyewe?” Nikatikisa kichwa. Akasema, “Nina vitanda vinane kwa mji mzima. Wale waliopoteza matatu, au mawili na mama zao walipoteza, ndio nawashona. Nyie wengine nawaambia mkapumzike. Lakini muulize tena dada yako. Wazee wetu hufichaga mambo haya. Mwisho ni tarehe ishirini na tano. Mimba ikipita hapo siigusi.”

Kwa hiyo nakuuliza tena.

Na lipo jingine, nalo sijamwambia Polikarpo. Alhamisi saa nane mchana nilikuwa kwenye foleni ya bomba. Mbele yangu walisimama wanawake wanne. Sikuwaona wakija. Miguu yao ilikuwa imelowa mpaka magotini, na tope lake ni jekundu, si mchanga wa Keko. Hawakuwa na ndoo. Wote bega la kushoto limeshuka kidogo, kama la mama, kama lako, kama langu. Watatu ni wakubwa kwangu. Wa nne ni mdogo kwangu, msichana tu. Foleni iliposogea wao hawakusogea, ila kati ya wa tatu na yule mdogo wakaacha nafasi, upana wa mtu mmoja, kama unavyomwekea mwenzio aliyekwenda kuchukua ndoo yake.

Nikamwambia Bi Tunu aliyekuwa nyuma yangu, “Hawa mbona hawaendi?”

Akasema, “Hawa akina nani? Mbele yako hapana mtu, shoga. Sogeza ndoo.”

Mwaka jana niliwaona pia, wiki moja kabla ya Aprili ile. Nilidhani ni homa.

Nijibu, dada. Tarehe ishirini na tano.

Rosalia


Nanyelele
21 Machi 1974

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, barua imechelewa, na hii nayo sijui itapita wapi, maana mfuko wa posta unakaa kwa katibu na katibu anakaa barabarani akielekeza malori.

Operesheni imefika. Jumatatu mgambo waliezua paa la jirani, Jumanne letu. Kasiani aliwasaidia kuezua ili angalau miti isivunjike. Vyungu, majembe, kuku, vyote vimefungwa. Aliyebaki ni mama. Amekataa kuondoka. Ameketi nyuma ya nyumba, upenuni, pale ambapo tulikatazwa kufagia tukiwa watoto, unapakumbuka. Hana paa juu yake na jua linamchoma, na amejifunga kanga kichwani anawatazama mgambo kama anawapima vitambaa.

Huku hakujanyesha wiki tatu. Lakini ardhi pale upenuni ni mbichi, Rosalia. Kijana mmoja wa mgambo akaichokoa kwa fimbo, akasema hapa pana chemchemi, tuchimbe kisima kabla hatujaondoka. Mama akamwambia, “Anayechimba hapa nitamfukia humohumo.” Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kuhusu swali lako, jibu nililokupa ndilo. Na hao watu wa bomba, usiwatazame. Usiwahesabu.

Siwezi kuandika zaidi, wanapiga honi.

Sesilia


Keko
2 Aprili 1974

Dada,

Shikamoo kwako na kwa mama, popote mlipo sasa. Barua yako haijafika. Nilikwenda posta kila siku kuanzia tarehe kumi na tano, mpaka karani akaanza kunitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo.

Tarehe ishirini na tano nilirudi kwa Daktari Adelard. Benchi lote lilikuwa limejaa wanawake wenye matumbo ya kila kipimo, na hapana aliyekuwa akizungumza na mwenziwe. Zamu yangu ilipofika akauliza bila kuinua macho, “Dada amejibu?”

Nikasema, “Amejibu.”

“Mama alipoteza?”

“Ndiyo.”

“Mangapi?”

Nikasema wanne.

Sijui nimeitoa wapi, dada. Ninajua nimeitoa wapi. Niliwahesabu. Akaandika nne kwenye jalada, kwa wino, akaniambia nilale. Kesho yake asubuhi wakanishona. Maumivu yalikuwa madogo kuliko ya jino. Nilikaa siku tano kwenye kitanda namba sita, na kila muuguzi alipouliza hali nilitaka kumwambia kitanda hiki nimekiiba.

Polikarpo amekata magogo mawili ya mpodo akayatia chini ya kitanda chetu upande wa miguu, ili nilale kichwa chini kidogo kama daktari alivyoagiza. Jana Mzee Gregori alikuja mwenyewe, na mkoba wake. Nilidhani atanuna. Alikaa kwenye kigoda, akasema kila wiki atapita kunipima presha ili nisipande basi, na kama bingwa ana neno basi wataandikiana wao. Bi Tunu ananichotea maji. Kwa hiyo bombani sijaenda.

Lakini nasumbuka. Mwanamke gani amerudishwa nyumbani kwa sababu yangu? Kama mama hakupoteza, mimi nimesema uongo juu ya tumbo la mama yangu ili nishonwe. Kama alipoteza, wewe ndiye uliyesema uongo, nami nusura niende na uongo huo mpaka makaburini mara ya tatu. Lipi kati ya haya mawili? Nina hasira nawe na sijui kama nina haki.

Rosalia


Kijiji cha Umoja, Wilaya ya Masasi
20 Mei 1974

Mdogo wangu Rosalia,

Mama anakusalimu. Kasiani anakusalimu. Tuna nyumba ya miti bila udongo, na jirani kila upande, mpaka ukipiga chafya unaambiwa pole na nyumba tano. Barua yako ya Aprili imenifikia wiki hii, ilikuwa chini ya magunia ya mbegu katika ofisi ya kijiji. Hii nitampa dereva wa lori la korosho aitie posta Lindi.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Hasira yako ni ya haki. Nilikudanganya.

Kwetu, mtoto aliyezaliwa akawafuata waliokufa haambiwi kwamba aliwafuata. Aliyebaki haambiwi. Wanasema akijua idadi yao atawahesabu, na wao watamhesabu yeye, wamwone kuwa ndiye aliyepungua. Hiyo ndiyo miiko niliyolelewa nayo, nami niliilinda kama nilivyofundishwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ulipozaliwa, na mama aliniapisha ukiwa bado una damu ya uzazi kichwani.

Mama alipoteza watatu kati yangu na wewe. Wote mwezi wa tano au wa sita, wote wasichana, wote bila uchungu, hivyohivyo ulivyoandika. Kila mmoja alitiwa kwenye chungu kidogo akafukiwa upenuni, pale matone ya paa yanapoanguka, ili apate maji na asikasirike. Mimba yako ilipofika miezi mitatu, mtawa mmoja wa misheni alimlaza mama chali, miguu juu ya gunia la mtama, mpaka ukazaliwa. Nilimlisha mimi. Hukuona kwa nini hakutaka kuhama?

Alihama hatimaye. Alisubiri mgambo waende kula, akachimba kwa mikono. Alipanda lori la mwisho akiwa amepakata vyungu vitatu vilivyofunikwa kwa vitambaa, na mgambo akamuuliza, “Bibi, umebeba mbegu?” Mama akasema ndiyo, mbegu. Amewafukia tena hapa, nyuma ya nyumba, na kila jioni huwamwagia kata ya maji kwa kuwa paa bado hatuna.

Sasa nenda kwa daktari wako umwambie ukweli. Mwambie watatu. Hukuiba kitanda. Na kama uzi huo utashika, nitamwomba radhi huyo bingwa kwa yote niliyomwita, nawe usimsomee Bi Tunu sehemu hiyo.

Dada yako aliyekukosea,
Sesilia


Keko
12 Juni 1974

Dada Sesilia,

Shikamoo. Mwezi wa tano umepita. Bado ninaye, anacheza hasa ninapolala ubavu wa kushoto. Polikarpo huweka mkono halafu anautoa upesi kama aliyegusa pasi.

Nimelia kwa barua yako, na nimekusamehe kabla sijaimaliza. Lakini nilimwambia daktari wanne kwa sababu niliona wanne. Wakubwa watatu, hao sasa nawajua. Mimi ndiye kitinda mimba, dada. Yule mdogo kwangu ni nani?

Rosalia


Keko
22 Septemba 1974

Dada Sesilia,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mama. Tangu barua yangu ya Juni hujaniandikia. Nimetuma salamu kwa mtu wa Masasi aliyekuja kununua vitanda, akasema amekuona, u mzima, ila umenenepa kidogo na hutaki mazungumzo. Nikafurahi kwa unene, nikashangaa kwa mazungumzo.

Tarehe kumi na mbili mwezi huu nimejifungua. Msichana, kilo mbili na nusu, analia mpaka Bi Tunu anasema huyu anafanya kampeni. Daktari Adelard aliukata uzi wiki moja kabla. Nilimwambia kwamba ni watatu, si wanne kama nilivyosema. Akafunua jalada, akatazama dirishani, akasema, “Watatu wangetosha.” Akaacha ile nne ilivyo. Mzee Gregori alikuja kumwona mtoto, akatoa kadi yangu mkobani akasema sasa ataiandika upya, kwa wino. Polikarpo amekwenda kunywa na marafiki, amerudi analia, amelala na viatu.

Nimepita bombani mara nne tangu nitoke hospitali. Hapana mtu. Hata tope jekundu hapana.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho, kisha nitanyamaza kama wewe. Mama alipakata vyungu vitatu. Nilikuwa na miaka sita hivi, nakumbuka sasa, nilimwona mama anachimba upenuni na wewe umeketi ukutani umejifunika mpaka usoni. Nilidhani mnapanda viazi. Ulikuwa umekuja nyumbani kwa mimba ya kwanza. Walituambia ilikuwa mimba ya uongo, tumbo la hewa. Dada, niambie.

Rosalia


Kijiji cha Umoja
6 Oktoba 1974

Mdogo wangu Rosalia,

Nimeisoma barua yako mbele ya mama kwa sauti, mpaka kwenye kilo mbili na nusu. Mama alipiga kigelegele kimoja akakaa chini. Majirani watano wakauliza kuna nini. Kasiani amechinja jogoo aliyekuwa akimwekea Krismasi. Mtoto huyo apokee salamu za watu wote wa huku, na mama yake apokee zangu peke yangu.

Sehemu iliyobaki niliisoma ndani ya moyo.

Yule mdogo ni wangu. Kungekuwa na mapaa mengine na miaka mingine, angekuita mama mdogo. Chungu chake hakikuwa kwa mama siku ile ya lori. Nilikipakata mimi, ndani ya kanga, na mgambo aliponiuliza nami nikasema mbegu. Kasiani alikuwa ameketi ubavuni kwangu. Hajui mpaka leo. Tulimwambia kama tulivyokuambia wewe, tumbo la hewa, kwa kuwa mama yake alikuwa ameshaanza kusema mwanawe ameoa mwenye mkosi, na mama yetu aliona heri niitwe mwenye hewa.

Na huyo ni wa kwanza tu. Nimebeba mimba tano, Rosalia. Nne nyingine zilitoka mwezi wa nne au wa tano, shambani, mtoni, mara moja nikiwa napika pombe ya harusi ya watu. Niliwafukia mwenyewe na kurudi kazini. Miaka kumi na minane wananiita tasa, nami nimewaacha waniite. Mtu akikuita tasa hakuulizi lolote zaidi. Ndiyo maana nilikuambia ukae na anayekujua. Nilimwogopa huyo bingwa na maswali yake kabla hata hujamwona, maana nilijua ukimjibu wewe, siku moja nitajijibu mimi.

Sasa sikiliza, usiogope, na ukiogopa keti. Tangu tuhame, wapo hapa kisimani. Nawaona mchana, watu wakiwa wengi. Watatu wamenipa mgongo. Mwanangu ananitazama. Wiki iliyopita waliachana kidogo, wakaweka nafasi.

Yule mtu wa vitanda alikuambia kweli, nimenenepa. Nina miezi mitatu kamili. Nina miaka thelathini na sita na nilidhani mambo hayo yamekwisha. Hajui Kasiani, hajui mama, umejua wewe.

Nimehesabu siku. Barua hii ikichelewa kama zile, itakukuta nimeshapita tarehe ya daktari wako. Kwa hiyo singoji majibu. Kasiani nimemwambia nakuja kukusaidia kulea, akaona ni jambo la kawaida. Dereva wa lori amenipa nafasi mbele mpaka Lindi, kutoka Lindi nitapanda basi la kwanza nitakalolipata. Nikifika kabla ya barua, utanisikia mlangoni. Ikifika kabla yangu, fanya haya.

Nenda kwa Mzee Gregori leo hiihii umwombe barua ya rufaa kwa jina langu, Sesilia mke wa Kasiani. Asingoje kuniona kwanza, hapana wakati. Aandike kwa penseli akitaka. Kisha nenda kwa Daktari Adelard ukakae kwenye lile benchi, mwanao mgongoni ili amwone. Akikuuliza nani kasema, mwambie dada yangu kasema, yuleyule aliyesema uongo. Mama watatu, mdogo wangu wawili, mimi watano. Mwambie nasema mwenyewe, wala sijaulizwa.

Sijui mji. Mtu anisubiri pale basi linaposimama.

Sesilia